Kompyuta Iliyokula Wadudu wa Ziwani

Kompyuta yetu ilianza kujizima wiki ileile kwaya ya kigango chetu ilipompa mjukuu wangu kazi ya kutengeneza video yao. Ingeanza mwezi mmoja kabla, tungelalamika kidogo na kuendelea na maisha. Ilichagua wiki ile.

Mjukuu wangu huyo nimezoea kumwita wajina, kwa sababu alipozaliwa baba yake alimpa jina langu. Ndiyo maana wanangu wote, hata yule mkubwa mwenye mvi, wanamwita mama. Mkubwa akisimama mlangoni akaita mama, tunaitika wawili. Jina lenyewe silitaji hapa, na ya wengine sitayataja. Si kwamba nimeyasahau. Shule niliishia darasa la nne kule Majita, lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki: la aliyenizalisha, la kila niliyepanga naye foleni ya maji, la baba yake na la mume wake. Tatizo ni kwamba nikimwandika mmoja nikamwacha mwenzake, Jumapili nitaulizwa nje ya kanisa. Bora wakose wote.

Tunakaa Luchelele, nyumba yetu imekaa juu ya mawe na ziwa liko chini. Wajina alikuja kwangu alipomaliza chuo, kozi ya kompyuta na mambo ya picha. Baba yake yuko machimboni upande wa Geita na huja mara chache, hivyo mwenye kauli juu yake ni baba yake mkubwa, mwanangu wa kwanza, mwenye duka la spea za pikipiki pale Mkolani. Yeye ndiye aliyemnunulia kompyuta ile ya mezani. Ilikuwa imetumika, lakini nzima, na aliinunua kwa sharti. Alimwambia ajaribu kufanyia kazi zake nyumbani, kadi za harusi, picha za ubatizo, video na kadhalika. Ikishindikana, kompyuta itaenda dukani kutunza hesabu za mali, na yeye ataenda nayo kusimama kaunta. Simlaumu mwanangu. Ameona vijana wengi wanaojifungia ndani na mashine mchana kutwa, jioni wanauliza chakula kiko wapi.

Kaunta wajina hakuitaka. Hakuwahi kusema hivyo, ila nilikuwa nikimwona anavyokaa mbele ya kioo kile. Mtu anayefanya kazi anayoipenda huwa na mgongo wa namna yake, nami mgongo huo ninaujua. Mume wangu alikuwa nao akiwa juu ya mtumbwi.

Sasa ile kwaya. Walikwenda kupiga picha kule Kigongo, wanawake kwa vitenge vya kijani, wanaume kwa mashati meupe, daraja likionekana nyuma yao. Wajina ndiye aliyeshika kamera. Uzinduzi ulikuwa Jumapili baada ya misa, wageni wamealikwa mpaka kutoka vigango vya jirani. Kilichobaki ilikuwa kuvipanga vile vipande, na mwisho mashine iviunganishe viwe kitu kimoja. Wajina alinieleza kwamba hapo ndipo mashine inapofanya kazi ngumu kuliko zote, ni kama kupika makande, inabidi moto usikatike. Basi moto wetu ukawa unakatika. Feni inaanza kuvuma, inavuma zaidi, mara kimya, kioo cheusi. Anaiwasha, anaanza upya, inafika katikati, kimya tena.

Aliniambia shida ni prosesa. Prosesa ni kidude kidogo kama biskuti, kimo ndani ya lile boksi, ndicho kinachofikiri. Kikifikiri sana kinapata joto, na joto likizidi mashine inajizima yenyewe kabla hakijaungua. Nikamwambia hiyo mashine ina akili kuliko baadhi ya watu ninaowafahamu. Hakucheka.

Mwalimu wa kwaya akapata wasiwasi, na badala ya kumpigia wajina akampigia mwanangu. Mwanangu naye akapiga simu jioni ile, nikasikia yote maana wajina huweka sauti ya nje akiongea na wakubwa. Hakufoka. Alisema Jumamosi atakuja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, aichukue mashine, fundi wa Mkolani aitazame, na kazi ya kwaya wapewe vijana wa mjini waimalizie.

"Na wewe mama uje tu dukani," akasema. "Umejaribu, hakuna atakayekucheka."

Wajina akajibu, "Sawa baba." Akakata simu, akaenda kuanua nguo. Alizikunja moja moja kwa utaratibu mno, mpaka vitambaa vya jikoni, na hapo nikajua ana hali mbaya.

Asubuhi yake nikamkuta amekaa mbele ya lile boksi, hajaliwasha. Nikamwuliza kama chuoni waliwafundisha kulifungua. Akasema walifundishwa, ila walikuwa wanafungua mashine za chuo ambazo hata zikifa hakuna anayelia. Nikamwambia afungue. Ikifa, Jumamosi inaondoka imekufa. Isipofunguliwa, Jumamosi inaondoka vilevile.

Akainuka kuchukua bisibisi. Aliporudi akasimama tu, anaangalia kile kitambaa changu.

Hapa inabidi nieleze. Katika nyumba yangu hakuna kitu cha thamani kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa na juu yake maua. Vyote nimefuma mwenyewe kwa uzi. Kompyuta ilipoingia nilifuma kikubwa kuliko vyote, rangi ya maziwa, pindo la samawati, kinafunika boksi lote juu na ubavuni mpaka chini. Kila mgeni alikisifia. Mke wa katekista alitaka nimfumie kama kile.

"Bibi, samahani," wajina akasema. "Hiki inabidi kitoke."

"Kitoe, si unafungua?"

"Kitoke kabisa, Bibi. Hata tukishafunga."

Nikamwuliza kitambaa cha watu kimekosa nini. Akawa anazungushazungusha bisibisi mkononi. Mwisho akanionyesha yale matundu ya ubavuni na ya nyuma, akasema boksi linavuta hewa ya baridi huku na kutoa ya moto kule. Kitambaa kinaliziba pumzi. Kisha likatoka neno la pili, kwa sauti ndogo: tangu mwanzo alikuwa akikitoa kila ninapokwenda kusali jumuiya, na akinisikia nikikohoa kwenye ngazi za mawe anakirudisha haraka na kukinyoosha. Kwa hiyo kazi zake nzito zote alikuwa akizipanga kwa ratiba ya jumuiya yangu. Wiki ile ya kwaya nilikuwa na mafua, sikutoka, na kitambaa hakikutoka.

Nilikaa chini nikacheka mpaka mafua yenyewe yakafunguka. Nikamwuliza angeishi hivyo mpaka lini, mpaka nife? Akasema, "Ulikifuma kwa wiki nzima, Bibi. Ningekwambiaje?" Nikakivuta mwenyewe, nikakitandika kwenye kiti cha wageni, kikakaa vizuri kweli. Mambo ya kitambaa yakaishia hapo.

Tukachomoa waya, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe, tukalibeba boksi mpaka barazani kwenye mwanga. Akafungua skrubu za nyuma, akavuta ubavu wa bati. Mimi nilitegemea vumbi. Vumbi lilikuwepo, lakini halikuwa peke yake.

Mtu wa huku kwetu hana haja ya kuelezwa wale wadudu wadogo wa ziwani. Wanatoka majini kwa wingi kama moshi, unaona nguzo yao kwa mbali, upepo ukigeuka wanakuja nchi kavu kutafuta taa. Asubuhi unawazoa kwa kizoleo chini ya balbu. Meza ya wajina iko dirishani, na kioo cha kompyuta ni taa pia. Kumbe feni ilikuwa inawavuta. Chini ya feni kuna kipande cha bati nene chenye mapezi membamba yaliyopangana, kazi yake kuchukua joto la prosesa na kulitoa nje. Katikati ya mapezi yale wadudu walikuwa wamejaa, wamekauka, wameshikana na vumbi wakawa kitu kama blanketi la kijivu. Harufu yake ilikuwa ya pwani ya ziwa kabisa. Chuoni, wajina akasema, walifundishwa habari za vumbi tu. Aliyeandika somo lao hakuwahi kukaa Luchelele.

Akachukua pampu ya baiskeli ya jirani akaanza kupuliza, kidole kimeshika feni isizunguke, maana alisema ikizungushwa kwa nguvu inaharibika. Blanketi likatoka juu juu. Tukafunga, tukarudi ndani, akawasha, akaanza kuunganisha. Safari hii ilikwenda mbali zaidi. Kisha ikazima.

Nilimwangalia. Hakulia. Aliweka kiganja juu ya boksi, akakaa hivyo kidogo, akasema joto bado halipiti kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye bati, kwa hiyo inabidi aling'oe bati lenyewe. Hiyo ndiyo sehemu aliyokuwa anaiogopa. Lile bati limesimama kwa miguu minne ya plastiki iliyochomekwa kwenye ubao wa mashine, na ubao huo ukiupasua, hakuna tena kompyuta.

Tukarudi barazani. Akagusa bati la boksi kwanza, anasema mwilini mwa mtu kuna umeme mdogo unaoweza kuua vidude vya ndani. Akazungusha kichwa cha kila mguu, akalitikisa bati taratibu bila kulivuta, analegeza kushoto na kulia kama unavyong'oa jino la mtoto, likaachia. Chini yake kulikuwa na prosesa, na juu ya prosesa ukoko mkavu, mweupe, umepasukapasuka. Akasema pale palitakiwa kuwa na dawa laini, mafundi wanaiita pesti, inayojaza nafasi kati ya prosesa na bati. Imezeeka, imekuwa chokaa. Akasugua ukoko kwa kitambaa laini na spiriti mpaka prosesa ikang'aa, akaifunika, akavaa viatu, akaenda mjini kutafuta pesti mpya.

Aliniachia lile bati na mapezi yake nilisafishe. Hapo nilikuwa nyumbani. Miaka ambayo mume wangu alivua dagaa, karabai zote za mtumbwi zilikuwa mikononi mwangu. Kila siku mchana nilizipanga uani, nikazifungua, nikatoa masizi na wadudu haohao, maana nao waliifuata taa ya karabai kama wanavyofuata kompyuta. Karabai chafu haiiti dagaa, na mume wangu hakuwahi kurudi akasema taa ilimwangusha. Nilitumia unyoya wa bata. Brashi ni nene, kijiti kinakwaruza, unyoya wa bata unaingia penye upenyo wa uzi. Jirani ana bata. Nikapitisha kati ya mapezi, pezi moja baada ya jingine, mpaka ukiliinua bati juani unaona upande wa pili.

Wajina aliporudi akaliinua bati, akachungulia ziwa katikati ya mapezi, akasema hata chuoni hajaona safi kama lile. Ameniambia maneno mengi mazuri huyu mtoto, na hilo nimeliweka pamoja na yaliyo juu.

Pesti ilikuwa kwenye bomba dogo kama la sindano. Akatoa tone kama punje ya mchele katikati ya prosesa, akafunika bomba. Nikamwambia asiwe mchoyo, atie ya kutosha, si ameshainunua. Akasema ikizidi inamwagika pembeni na haisaidii, inatakiwa kuwa nyembamba kama mafuta kwenye chapati. Mimi chapati zangu zina mafuta mengi.

Kisha kurudisha bati. Alibonyeza mguu mmoja, ukalia tak. Wa pili aliuchagua wa pembe ya mkabala, tak. Wa tatu, tak. Wa nne haukulia. Alibonyeza, ubao ukapinda kidogo, akaachia mkono kama ameungua. Akajaribu tena, akaachia tena. Akasema asiposikia mlio wa huo mmoja, bati litakaa upande na kazi yote ni bure. Na akibonyeza zaidi anaweza kuupasua ubao.

"Bibi, wewe una mkono mzito usiotetemeka," akasema. "Mimi nitashika ubao kwa chini usipinde, wewe ubonyeze."

Kidole gumba changu kimepampu karabai miaka na miaka. Nikagusa bati la boksi kama nilivyomwona akifanya, nikaweka gumba juu ya ule mguu, nikamwuliza yuko tayari. Akasema ndiyo. Nikabonyeza wima, polepole, sikuongeza wala kupunguza, kama unavyomshindilia mtu asiyetaka kuingia foleni. Tak. Tukatazamana. Akasema, "Imeingia." Nami nikasema najua, nimeisikia kwenye mfupa.

Ilikuwa Ijumaa alasiri alipoiwasha. Kabla ya kuunganisha, ilibidi aweke majina ya wanakwaya yanayopita mwisho wa video, na aliyopewa na mwalimu hayakufika nusu. Mwalimu alikuwa ameandika jina la mbele tu, tena kwa wengine ameandika mama fulani. Nikavuta kiti. Nikamtajia wote kwa majina yao kamili na ya baba zao, sauti ya kwanza, ya pili, besi, nikaenda mpaka kwa wale walioanzisha kwaya tukiwa tunaimbia chini ya turubai, wengi wao sasa wapo makaburini. Wajina anaandika, na huku kwenye pembe ya kioo kuna namba ya joto la prosesa anaichungulia. Nilitaja muda mrefu. Namba ilipanda kidogo, ikasimama, ikakaa palepale. Feni ilikuwa inanong'ona tu. Nilipomaliza jina la mwisho, mashine ilikuwa bado inawaka.

Hata hivyo kuandika majina si kazi nzito, na wajina alilijua hilo. Kazi nzito aliianza Jumamosi asubuhi, baada ya chai. Kwenye kioo kukatokea mstari mrefu unaojaa rangi kidogo kidogo kutoka kushoto. Ulikuwa haujafika mbali tukasikia kirikuu kinapanda mawe.

Mwanangu akaingia. Wajina akampa shikamoo bila kuondoa macho kwenye kioo, naye akaitika marahaba mama. Nami akaniamkia. Hakukaa. Akasema dereva ana mzigo mwingine Buhongwa, wajina achomoe nyaya wapakie.

"Baba, sichomoi," wajina akasema.

Mwanangu akageuka kunitazama. Alitaka niseme neno, kwa upande wowote, ili ajue agombane na nani. Nilikuwa namimina chai.

"Mashine inaunganisha kazi ya kwaya sasa hivi," wajina akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikuyumba. "Ukiichomoa inapotea. Naomba usubiri mpaka mstari ule ufike mwisho. Ikizima kabla ya hapo, nitakusaidia kuibeba, na nitapanda na mimi kwenye gari."

Hapo mwanangu akakaa. Nikampa kikombe. Dereva akapiga honi, hakuna aliyetoka. Nimewahi kungoja mitumbwi na nimewahi kungoja matokeo ya mitihani ya watoto wa watu wengi, lakini sijawahi kuona mstari wa rangi unaotembea polepole namna ile. Ulipofika pale katikati, mahali ulipokuwa unafia siku zote, feni ikaongeza sauti. Wajina akashika ukingo wa meza. Feni ikavuma, ikavuma, kisha ikarudi chini yenyewe, na mstari ukapita.

Mwisho ukajaa wote. Wajina akabonyeza, tukaangalia video toka mwanzo, vitenge vya kijani, ziwa, daraja, nyimbo zote. Majina yalipoanza kupita mwanangu akasogeza kiti. Akamwona shangazi yake, dada yangu, aliyeimba sauti ya kwanza na ambaye hakuna aliyekuwa amemwandika popote tangu tumzike. Akakohoa. Akainuka akaweka kiganja juu ya boksi, akakiacha pale.

"Haina joto," akasema. "Fundi gani amekuja?"

"Hakuna fundi. Nimeifungua mimi. Bibi amesafisha bati na amebonyeza mguu mmoja."

Akamwuliza kuanzia mwanzo, na wajina akamweleza kuanzia mwanzo, wadudu, mapezi, ukoko wa pesti, miguu minne. Mwanangu ni mtu wa spea, anaelewa habari za joto na vyuma. Aliuliza maswali ya kweli, yale ambayo fundi humwuliza fundi mwenzake, na wajina aliyajibu akiwa amekaa wima. Mimi niliendelea na chai yangu. Sidhani kama kuna mtu Mwanza nzima alikunywa chai tamu kama ile Jumamosi ile.

Kisha mwanangu akatoka akamwambia dereva aende Buhongwa kwenye mzigo wake, hapa hakuna cha kubeba. Alirudi mlangoni akasimama nusu ndani nusu nje.

"Mama," akaita, na safari hiyo nilijua siitwi mimi. "Ile kompyuta ya mhasibu pale dukani nayo inavuma vibaya. Jumatatu unaweza kupita uiangalie?"

"Nitapita baba," wajina akasema. "Nikimaliza narudi nyumbani, nina kazi za watu."

"Ndiyo," mwanangu akasema. "Unarudi."